Mbwa na Mwenyewe: Malezi ya Mbwa na Usalama wa Jamii Visiwani

Katika visiwa vya Unguja na Pemba mbwa huonekana takriban kila mahali, lakini aghalabu hana mwenyewe. Usiku hulinda mashamba ya muhogo na viazi, alfajiri hupita sokoni na kwenye madiko ya samaki, na mchana hulala chini ya miembe. Hata hivyo, siku anapomuuma mtoto, na sheha akauliza mbwa huyo ni wa nani, jawabu linalotolewa huwa moja: si wetu, hupita tu. Jambo hilo dogo la kumkana mbwa ndilo chanzo cha madhara mengi, kwani mbwa asiyekuwa na mwenyewe hana wa kumlisha, hana wa kumtibu, na hapana mtu atakayempeleka kuchanjwa.

Madhumuni ya makala haya ni kuwaeleza wananchi na watumishi wa Serikali namna ya kumtunza mbwa kila siku, namna ya kuishi naye kwa wema bila ya kuvunja mipaka ya dini na ujirani, na kwa nini utunzaji huo ni jambo linaloihusu afya ya jamii nzima, wakiwemo wale wasiopenda hata kumwona mbwa.

MBWA KATIKA MAISHA YA VISIWANI

Mbwa ni mnyama wa mwanzo kabisa kufugwa na mwanaadamu. Mabaki ya mifupa yaliyochimbuliwa na wataalamu yanaonesha kwamba mbwa na watu wameishi pamoja kwa muda usiopungua miaka 14,000, kabla ya ng'ombe, mbuzi na kuku kuingia mabandani. Katika muda huo mrefu mbwa amejifunza kuisoma sura ya mtu, kuitambua sauti yake na kuufuata mkono unaoelekeza.

Hapa visiwani wanaofuga mbwa ni wa namna mbalimbali. Wapo wakulima wanaowategemea kuwafukuza nguruwe mwitu na tumbili wanaoharibu mazao. Wapo wasasi, ambao mbwa wao huwa ni mali yenye thamani na kila mmoja ana jina lake. Wapo wenye maduka, maghala na nyumba za wageni wanaohitaji ulinzi. Na wapo, khasa mijini na katika sehemu za pwani zenye watalii, wanaofuga mbwa kwa ajili ya kuwa naye tu, awe mwenza wa nyumbani.

Waswahili wa zamani walisema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Maana yake ni kuwa tabia ya mbwa haitoki kwa mbwa peke yake. Anayepigwa huuma, anayefungwa mchana na usiku huwa mwitu, na anayelelewa kwa utaratibu huwa mtulivu. Kwa hivyo, kabla ya kumlaumu mbwa, ni vyema kumtazama aliyemlea.

MBWA NA MAFUNDISHO YA DINI

Wapo wananchi wanaodhani kwamba kumtunza mbwa ni kwenda kinyume na dini. Suala hili linafaa lielezwe kwa uwazi. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa visiwa hivi, mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Aidha, zimepokewa hadithi zinazoonesha kwamba anayefuga mbwa bila ya haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku, isipokuwa yule anayemfuga kwa kuwinda, kulinda mifugo au kulinda shamba.

Lakini hukumu ya najisi si ruhusa ya kutesa. Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Maida, imehalalisha kuliwa mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofundishwa, na katika Sura ya Al-Kahf imemtaja mbwa aliyekuwa pamoja na vijana wa pangoni, akiwa amenyoosha miguu yake mlangoni. Imepokewa vilevile habari mashuhuri ya mtu aliyemkuta mbwa akiramba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha, na kwa tendo hilo akasamehewa madhambi yake. Mwenye kusoma habari hizi kwa pamoja ataona kwamba dini imeweka mpaka wa twahara, na papo hapo imeweka wajibu wa huruma.

Mambo hayo mawili yanawezekana kwa pamoja. Mbwa anaweza kuwekewa banda lake uani, chombo chake peke yake cha chakula na cha maji, na mtu anayemhudumia akawa na nguo maalumu za kazi hiyo. Methali isemayo kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini inaonya juu ya kuivunja mipaka. Haisemi kwamba mbwa aachwe na njaa.

CHAKULA NA MAJI

Mbwa mkubwa anatosheka kwa kulishwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Mtoto wa mbwa aliyekwisha kuacha kunyonya alishwe kidogo kidogo mara tatu au nne. Si lazima kununua chakula cha madukani. Ugali, wali, ukoko na viazi ni vyakula vinavyofaa, ilimradi vichanganywe na kitu chenye nguvu ya mwili kama vile dagaa, vichwa vya samaki vilivyopikwa hadi miba ikalainika, au matumbo ya ng'ombe yaliyochemshwa vyema. Mbwa anayelishwa wanga mtupu hukonda, manyoya yake hunyonyoka, na mwisho huenda kutafuta riziki jaani.

Vipo vitu vya kuepukwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hukatika vipande vyenye ncha na huweza kutoboa utumbo. Vitunguu maji, vitunguu saumu na chokoleti ni sumu kwa mbwa, ijapokuwa mtu huvila bila ya madhara. Papa mkavu na samaki wengine wa chumvi wasitolewe mpaka wawe wamerowekwa na kutoka chumvi. Na maini au mapafu yenye malengelenge ya maji, yanayoonekana mara kwa mara machinjioni, yasitupiwe mbwa hata kidogo. Malengelenge hayo yana vijidudu vya mnyoo unaokua ndani ya utumbo wa mbwa, kisha mayai yake hutoka na kinyesi na kuweza kumwingia mtu. Nyama hiyo ichomwe moto au izikwe kwa kina.

Maji safi ya kunywa yawepo kila wakati. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama mtu. Hupoza mwili wake kwa kuhema huku ulimi uko nje. Katika miezi ya kaskazi, mbwa aliyefungwa juani pasipokuwa na maji anaweza kufa kwa joto katika muda mfupi.

MAKAAZI NA USAFI

Banda la mbwa halihitaji gharama. Makuti ya kuezekea, mbao chache na sakafu iliyoinuliwa kutoka ardhini kiasi cha shubiri moja ili maji ya masika yasiingie, hayo yanatosha. Liwekwe penye kivuli na upepo, mbali na kisima na mbali na njia ya wapita njia. Kama hapana budi mbwa afungwe, mnyororo uwe mrefu wa kumwezesha kufika penye kivuli na penye maji, na afunguliwe kila siku akatembezwe. Kumfunga mbwa katika kamba fupi siku nenda siku rudi ni kumtengeneza adui wa jirani.

Kupe na viroboto ni maradhi ya kila siku katika hali ya hewa ya joto na unyevu. Kupe huambukiza homa inayoweza kumuua mbwa, kwa hivyo inafaa mwenyewe amkague masikioni, shingoni na baina ya vidole, na kuwaondoa. Dawa ya kuogeshea ichukuliwe kwa maofisa wa mifugo pamoja na maelezo ya kipimo chake. Baadhi ya watu hutumia dawa za kunyunyizia mazao, jambo ambalo limewaua mbwa wengi na ni khatari hata kwa anayewaogesha. Hali kadhalika, vidonge vya watu vya kutuliza maumivu asipewe mbwa kwa kukisia.

Dawa ya minyoo itolewe kwa utaratibu atakaoueleza daktari wa mifugo. Faida yake si ya mbwa peke yake. Mbwa mwenye safura anapojisaidia kwenye mchanga wa pwani au uwanjani, viluwiluwi vya minyoo hupenya katika ngozi ya mtu anayepita peku, vikachora mistari myekundu yenye muwasho mkali. Watoto wanaocheza mchangani ndio wanaopata tabu zaidi. Kinyesi cha mbwa, kwa hivyo, kikusanywe na kufukiwa.

MAFUNZO NA UREFIKI

Umri wa kumfundisha mbwa kuishi na watu ni baina ya wiki ya tatu na wiki ya kumi na nne hivi tangu kuzaliwa. Katika muda huo, mtoto wa mbwa akizoeshwa sauti za watoto, baiskeli, mbuzi na wageni, atakuwa mtulivu ukubwani. Asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimia wiki nane, kwani kwa mama na ndugu zake ndiko anakojifunza kutouma kwa nguvu.

Mbwa hujifunza kwa malipo na kwa neno lile lile linalokaririwa. Anapokuja kila akiitwa, apewe kipande cha chakula au asifiwe. Akipigwa baada ya kurudi, fahamu yake haimwambii kwamba anaadhibiwa kwa kutoroka. Atajua tu kwamba kurudi kwa bwana wake kuna maumivu, na siku ya pili hatarudi. Dakika chache za kutembezwa na kusemeshwa asubuhi na jioni humtosheleza mbwa kuliko chakula kingi. Mzee anayeishi peke yake shambani anaujua ukweli huu: mbwa huanza kuinua masikio kabla hajafika nyumbani, na katika usiku wa kiza humjuulisha kila kinachotembea.

Watoto nao wafundishwe. Mbwa asisumbuliwe anapokula, anapolala au anaponyonyesha. Mbwa mgeni asikimbiwe, kwani kukimbia humwita afukuze. Mtoto asimame kimya, mikono yake iwe chini, asimkodolee macho. Mbwa anayetoa meno, aliyesimamisha manyoya ya mgongo au aliyekaza mwili, anatoa onyo. Kutupiwa mawe na wanafunzi njiani kuelekea skuli kumewageuza mbwa wengi wapole kuwa wakali, na anayelipa ni mtoto mwingine anayepita nyuma bila ya kosa.

Mwenye mbwa pia ahakikishe kwamba hazururi katika hifadhi za misitu kama Jozani, wanakoishi kima punju na paa nunga, wala katika fukwe wanakotaga kasa. Wanyama hao ni adimu na mbwa mmoja aliyeachiwa anaweza kuwafanyia uharibifu mkubwa.

UZAZI

Mbwa jike hubeba mimba kwa muda wa siku 63 hivi, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kila mara watoto kadhaa. Mwenye mbwa asiyekuwa na nia ya kulea wote hao aonane na daktari wa mifugo ili mbwa wake afungwe uzazi. Tabia ya kuwatia vitoto vya mbwa katika gunia na kuwatupa jaani au vichakani ni ukatili. Tena ni upungufu wa busara, kwa kuwa wanaonusurika ndio wanaokuja kuwa makundi ya mbwa koko yanayolalamikiwa na mtaa ule ule.

KICHAA CHA MBWA: FUNZO LA PEMBA

Sababu kubwa kuliko zote ya kumtunza mbwa ni maradhi ya kichaa cha mbwa. Maradhi haya huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia kwa jeraha la meno. Virusi husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kufika ubongoni. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi miwili au mitatu, lakini huweza kuwa wiki chache tu au kufika mwaka. Dalili zikishadhihiri kwa mtu, ikiwa ni pamoja na kuogopa maji, takriban hapana anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na kwamba mbwa ndio wanaowaambukiza watu katika visa 99 kwa kila 100.

Hata hivyo, maradhi haya yanazuilika, na ushahidi uko hapa hapa nyumbani. Mwaka 2010 kisiwa cha Pemba kilikuwa na mikondo mitano ya maambukizo iliyokuwa ikienda kwa pamoja. Kwa kuchanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka, na kwa kuliboresha zoezi hilo mwaka hadi mwaka, mikondo yote mitano ilikatika ilipofika Mei 2014. Baada ya hapo chanjo ya mbwa ikazorota. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingia tena kutoka nje ya kisiwa, mara mbili, vikawakuta mbwa wasiokuwa na kinga, na maradhi yakarudi. Ilibidi uchanjaji wa kisiwa kizima uanzishwe upya, na mripuko huo ukazimwa Oktoba 2018.

Funzo la habari hiyo liko wazi. Bahari ni ukuta mzuri. Ndiyo iliyosaidia Unguja kujikomboa na mbung'o katika mwaka 1997. Lakini ukuta una mlango, na mlango wake ni chombo kinachobeba mbwa asiyechanjwa. Kwa hivyo asiletwe mbwa kutoka popote bila ya kuarifiwa maofisa wa mifugo na bila ya uthibitisho wa chanjo.

Wataalamu wanaeleza kwamba pakichanjwa mbwa 70 kwa kila 100, virusi hukosa pa kurukia na hufa. Lakini mbwa hufa upesi na huzaliwa upesi, na kiwango hicho hushuka kila mwezi unaopita. Ndiyo maana chanjo hurejewa kila mwaka, hata pale ambapo maradhi hayajaonekana kwa muda mrefu. Mwananchi anayesema kwamba hapana haja ya chanjo kwa kuwa maradhi hayapo, anasema yale yaliyowezesha maradhi kurudi.

DALILI KWA MBWA NA HATUA ANAPOUMA

Dalili ya mwanzo ni kubadilika tabia. Mbwa mpole huwa mkali, na mkali huenda akawa mnyonge na kujificha. Baadaye hutokwa na mate, sauti hubadilika, taya huning'inia na hushindwa kumeza. Hapo watu wengine hudhani amekwamwa na mfupa, wakamtia mkono mdomoni. Hilo lisifanywe kabisa.

Mtu akiumwa na mbwa, au akakwaruzwa, au mate yakaingia penye kidonda, hatua ni hizi:

1. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15.

2. Lisitiwe pilipili, majivu, mafuta ya taa wala majani.

3. Mgonjwa apelekwe hospitali au kituo cha afya siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo, na akamilishe sindano zote alizoandikiwa. Chanjo hii ilianza kutumiwa kwa binaadamu na Louis Pasteur nchini Ufaransa mwaka 1885, na tangu hapo imeokoa watu wasiohesabika, lakini huokoa kabla ya dalili, si baada yake.

4. Mbwa, ikiwezekana bila ya khatari, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya muda huo, hakuwa na virusi katika mate yake siku aliyouma. Kumuua kwa hasira ni kuipoteza habari hiyo.

5. Sheha na ofisi ya mifugo ya wilaya waarifiwe. Mbwa akifa, mzoga usitupwe baharini wala vichakani mpaka maofisa wautazame.

Mwenye mbwa asifiche. Anayekiri kwamba mbwa ni wake, akaonesha cheti cha chanjo, humwondolea mzazi wa mtoto khofu kubwa na humrahisishia daktari uamuzi. Anayekana humwachia mzazi mashaka ya miezi.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Wenye mbwa wanakumbushwa kuwapeleka kuchanjwa wakitimia miezi mitatu na kila mwaka baada ya hapo, na kuvihifadhi vyeti vyao. Walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani wanaombwa kuwaeleza watoto kwamba kuumwa na mbwa ni jambo la kusema nyumbani siku ile ile, hata kama mtoto anaogopa kwamba atagombezwa kwa kumchokoza. Masheha wanaombwa kuwajua mbwa wa shehia zao na wenyewe wao. Tarehe 28 Septemba, ambayo tangu mwaka 2007 huadhimishwa duniani kuwa siku ya kupambana na kichaa cha mbwa, ni fursa nzuri ya kulikumbuka jukumu hili. Lengo lililowekwa kimataifa ni kwamba ifikapo mwaka 2030 asife tena mtu kwa maradhi yanayotokana na mbwa.

Mbwa hawezi kwenda mwenyewe kuchanjwa, wala hawezi kusema anaumwa. Anayeweza ni mwenyewe. Mwananchi akishakubali kusema mbele ya sheha wake kwamba mbwa huyu ni wangu, nusu ya kazi imekwisha kufanyika.

Maelezo zaidi juu ya chanjo na matibabu ya mbwa yanapatikana katika ofisi za mifugo za wilaya, Unguja na Pemba.